Sekunde Kumi na Moja za Afande Raelene

Ni saa kumi na mbili na nusu asubuhi, Jumapili ya tatu ya Oktoba. Ukungu bado umelala juu ya mashamba ya kanola, mmea wa mbegu za mafuta wenye maua ya njano, na Konstebo Mwandamizi Raelene Petschel anashusha koni ya thelathini na mbili kutoka nyuma ya gari la polisi.

Anaiweka kando ya barabara kuu, hatua sita kutoka iliyotangulia. Anarudi nyuma, anaitazama, kisha anaisogeza kidogo kwa ncha ya kiatu.

Hapa ndipo Kituo cha Nne. Barabara nyembamba ya mashambani inakatiza barabara kuu ya malori, karibu na maghala marefu ya nafaka ya Pirranook, magharibi mwa jimbo la Victoria. Malori hupita hapa kwa kilomita mia moja kwa saa, na leo waendesha baiskeli 312 watavuka.

Upepo unapofungua jaketi lake la polisi, fulana ya njano inachungulia. Imebandikwa namba kifuani: 214. Nyuma ya gari, kando ya koni zilizobaki, imelazwa baiskeli ya bluu iliyofutwa vumbi mpaka kwenye spoku.

"Miaka kumi na minane nimesimama hapa," anasema. "Leo nitapita."

Raelene ana umri wa miaka hamsini na miwili. Ni mmoja wa askari wawili wa kituo cha polisi cha Pirranook, mji wenye duka moja la mikate, hoteli mbili na kanisa la Kilutheri ambalo babu zake walilijenga kwa mawe. Kila mwaka, baridi inapoanza kupungua, yeye ndiye hukaa mezani kupanga askari wa Safari ya Baiskeli ya Pirranook: nani asimame wapi, kuanzia saa ngapi, na likitokea jambo aitwe nani kwanza.

Njia ina urefu wa kilomita sabini na nne na makutano kumi na moja. Wakazi wa kujitolea wanaweza kusimama na vibao kwenye makutano ya mashambani, lakini kwenye barabara kuu dereva halazimiki kumtii mtu asiye askari. Kwa hiyo lazima awepo askari. Nao askari wa shughuli kama hii hulipiwa saa zao na waandaaji. Mwaka huu kamati imetoa dola elfu tatu na mia mbili, zote zikiwa zimetokana na soseji zilizochomwa na kuuzwa nje ya duka la vifaa vya ujenzi kila Jumamosi tangu Februari.

Fedha hizo zimetosha askari wanne. Si watano.

"Wanne kwa makutano kumi na moja," Raelene anasema. "Ni kama kuvuta blanketi fupi. Ukifunika miguu, mabega yako nje."

Kituo cha Nne hajawahi kumpa mtu mwingine. Sababu yake inaitwa Marg Tonkin.

Marg, ambaye leo ni mwenyekiti wa kamati, aligongwa hapa katika mwaka wa pili wa safari hii. Siku hiyo alisimama mkulima mmoja na bendera nyekundu. Lori halikusimama. Marg alivunjika nyonga, na mpaka leo anatembea kama anayepanda ngazi ndogo isiyoonekana.

Raelene ndiye aliyekaa naye kwenye lami akimshika mkono mpaka gari la wagonjwa lilipofika. Mwaka uliofuata alijipanga mwenyewe kwenye makutano haya, na akaandika sheria mbili ambazo hazijabadilika. Ya kwanza, hakuna mtu kusimama katikati ya makutano, awe nani. Ya pili, kituo hakifungwi mpaka mtu wa mwisho apite.

Kuna jambo jingine lililoanza mwaka huo, ambalo hakuliandika popote.

Baba yake, Lindsay Petschel, fundi mstaafu wa mashine za kuvunia, amepanda baiskeli katika kila safari tangu ya kwanza. Namba yake ni 7, kwa sababu alikuwa mtu wa saba kujiandikisha, na hajaibadilisha. Kila mwaka hufika kwenye makutano haya mnamo saa tano, hupaza sauti "Saba!" kwa sababu kila anayevuka lazima ataje namba yake, huinua kidole kimoja kutoka kwenye usukani, huvuka.

Raelene huhesabu. Kutoka mstari mweupe wa upande huu mpaka wa upande ule ni sekunde kumi na moja.

"Wengine wanaonyesha picha walizopanda pamoja na baba zao," anasema. "Mimi nina sekunde kumi na moja mara kumi na nane. Nilizijumlisha siku moja nikiwa zamu. Hazifiki dakika nne."

Mwezi wa Julai daktari wa macho alimwambia Lindsay, mwenye miaka sabini na tisa, kwamba katikati ya macho yake yote mawili panakufa. Anaona pembeni tu. Anauona mstari mweupe wa ukingo wa barabara, anaona nyasi zikipita, lakini uso wa mtu aliye mbele yake ni ukungu. Daktari alimpa mwaka huu. Zaidi ya hapo, alisema, itakuwa kuwahatarisha watu wengine.

Jioni ile ile Raelene alijaza fomu kuomba askari wa kushika nafasi yake. Hakuwahi kuomba kitu kama hicho katika kazi yake yote. Alikubaliwa.

Saa moja na dakika tano gari linakuja kutoka mashariki, taa zikiwaka ndani ya ukungu. Anashuka Konstebo Tevita Fonua, kijana mrefu ambaye wazazi wake walihama kutoka Tonga. Ameendesha saa moja na nusu.

"Afande, shikamoo. Hii ndiyo njia panda maarufu?"

"Ndiyo hii. Umekula?"

"Nimekula mara mbili. Mama alisikia nakwenda kijijini akadhani huku hakuna chakula."

Raelene anacheka. Anamwonyesha mahali pa kusimama, mahali ambapo jua litamchoma macho ikifika saa nne, kilima kidogo kinachoficha malori mpaka dakika ya mwisho. Anamwonyesha kwa mikono yote miwili, kama mtu anayemkabidhi mgeni nyumba.

"Usiwaamini wenye trela," anamwambia. "Anza kuwasimamisha mapema. Na usimwache mtu aegeshe baiskeli katikati kupiga picha."

"Hata mwenyekiti?"

"Hasa mwenyekiti."

Anavua jaketi. Anashusha baiskeli ya bluu, anakagua upepo kwa kidole gumba. Akiondoka sasa hivi kwa gari atafika mjini baada ya dakika ishirini, na safari inaanza saa mbili kamili.

Ni saa moja na dakika kumi na mbili redio inapoita.

Lori la marobota ya majani makavu limepinduka kwenye barabara kuu, kilomita arobaini kaskazini. Dereva ni mzima, lakini marobota yametapakaa njia nzima na magari yanarundikana. Anahitajika askari mmoja mara moja. Mwanamke aliye upande wa pili wa redio anasoma kutoka kwenye karatasi iliyo mbele yake.

"Kwa mujibu wa mpango wenu, wa kuitwa kwanza ni askari wa akiba wa Kituo cha Nne. Thibitisha."

Tevita anamtazama Raelene. Raelene anaitazama redio.

"Askari wa akiba wa Kituo cha Nne ni mimi," Tevita anasema polepole. "Afande, niende au nisiende?"

Raelene anafungua mlango wa gari, anachukua faili, anaufikia ukurasa wa tatu. Sentensi iko pale, kwa maneno yake mwenyewe. Aliiandika miaka mingi iliyopita, wakati askari wa akiba wa kituo hiki alikuwa mtu wa ziada kweli, aliyekaa kwenye gari akinywa kahawa. Kila mwaka ananakili mpango wa mwaka uliopita, anabadili majina na tarehe. Safari hii alibadili majina na tarehe tu, ingawa mwaka huu wa akiba ndiye angeshika kituo peke yake.

"Nenda," anasema.

"Hakuna mwingine? Yule aliye kwenye daraja la pili?"

"Yule yuko mahali watoto wa shule wanapojiunga. Nenda, Tevita. Washa taa."

Gari linapotokomea, anarudisha baiskeli ya bluu mahali pake. Anavaa jaketi, anafunga zipu mpaka shingoni. Kisha anapiga simu mjini, ambako baba yake anasubiri kwenye mstari wa kuanzia.

"Uko wapi wewe?" sauti ya Lindsay inasikika kubwa, na nyuma yake kengele za baiskeli. "Nimekushikia nafasi. Marg anasema nimejaza njia kama ng'ombe."

"Baba, siji."

"Kuna mtu kaumia?"

"Hapana. Lori. Wamemchukua kijana wangu."

"Basi."

"Nimekosea mwenyewe, baba. Niliandika vibaya."

"Sikuuliza nani kakosea." Anakohoa. "Basi tutaonana pale pale."

"Pale pale, baba."

Anakata simu. Kwa muda haangalii barabara. Halafu lori la kwanza linatokea juu ya kilima, naye anainua mkono.

Kuanzia saa nne kasoro robo wanakuja. Kwanza wale wenye haraka, wameinama, hawasemi zaidi ya namba zao. Kisha wanakuja watu wa Pirranook wenyewe: mwalimu mkuu aliyefunga kikapu mbele, akina mama wa kwaya, familia ya watu watano wenye fulana za timu moja ya kandanda. Kofia nyingi zimechomekwa vipande vya plastiki vilivyosimama kama miba, ili kumtisha magpai, ndege mweusi na mweupe ambaye msimu wa kulea makinda humvamia kichwani kila apitaye na baiskeli.

"Afande! Mia na tatu! Nikamate, nimezidi spidi!"

"Wewe? Umepitwa na kuku kule nyuma!"

"Arobaini na moja! Afande, magpai wa daraja la pili hayumo kwenye mpango wako! Mtie ndani!"

"Lete shahidi!"

Mzee mmoja anapunguza mwendo, anamrushia kitu kilichofungwa kwenye karatasi. Ni kipande cha keki ya matunda. Ni desturi. Kufikia saa sita atakuwa na vipande tisa kwenye boneti ya gari, na hatakula hata kimoja mpaka mtu wa mwisho apite.

Wengi wanajua alichokikosa leo. Unaona kwa jinsi wanavyofanya mzaha zaidi ya kawaida. Mwanamke mmoja, akivuka, hataji namba yake. Anasema tu, "Pole, Rae," na Raelene anamjibu kwa ukali, "Namba, tafadhali!" kisha anageuza uso kuelekea upande wa malori.

Saa tano inapita. Namba 7 haijapita.

Saa sita. Bado. Raelene anatazama saa, anamwuliza kila anayekuja.

"Mmemwona baba?"

"Yuko nyuma, afande. Yuko vizuri. Alitupungia tupite."

"Na yule aliyetakiwa kumtangulia ili amwongoze yuko wapi?"

"Ndiye mimi," anasema jirani wa Lindsay, akitokwa jasho. "Kanifukuza. Kasema anataka kusikia tairi zake mwenyewe."

Saa sita na dakika kumi redio inazungumza. Ni Marg, anayeendesha gari la mwisho, lile linalofuata nyuma ya wote kuokota waliochoka na waliopasukiwa tairi.

"Rae, niko na mtu wa mwisho. Ni namba saba."

"Amechoka?"

"Nilidhani hivyo. Nimemfuata kilomita thelathini nikimbembeleza apande gari. Anapiga mluzi, Rae. Mtu aliyechoka hapigi mluzi."

Saa saba kasoro dakika ishirini, kichwa kidogo cheupe kinajitokeza mwisho wa mashamba ya njano, na nyuma yake gari la Marg likienda kwa mwendo wa kutembea. Raelene anasimamisha lori moja, kisha gari dogo, kisha lori la pili. Dereva wa lori la pili anatoa kichwa.

"Wote hawa tunamsubiri mmoja?"

"Ndiyo," Raelene anasema. "Huyo mmoja."

Lindsay anakaribia. Hamtazami binti yake. Anatazama kando, chini, kwenye mstari mweupe, kwa sababu huko ndiko macho yake bado yanakoona.

"Saba!" anapaza sauti.

"Saba," Raelene anajibu.

Kidole kimoja kinainuka. Midomo ya Raelene inahesabu. Kumi na moja inapita naye bado yuko katikati. Kumi na tano. Baiskeli inayumba kidogo, inajirekebisha. Kumi na tisa.

Amevuka. Hakusimama katikati. Anakwenda mpaka upande ule, kwenye nyasi, na hapo ndipo anaposhusha mguu mmoja.

Raelene anaruhusu malori, anavuka mbio.

"Baba, umefanya nini? Umekaa barabarani kwa muda wa karibu saa tano!"

"Afande," Lindsay anasema, akijifuta uso kwa glavu, "kituo hakifungwi mpaka mtu wa mwisho apite. Si ndivyo ulivyoandika?"

"Ndivyo."

"Nikawa najiuliza. Mtu wa mwisho akiwa mimi, je?"

Marg, kutoka dirishani, anapiga kelele: "Kumbe mzee ana mpango wake! Na mimi nilikuwa nampa ndizi!"

Raelene hacheki. Anaitazama baiskeli ya bluu nyuma ya gari la polisi. Zimebaki kilomita ishirini na tatu. Tevita hajarudi. Ndani ya gari mna redio na vifaa vya kazi, na kwa siku ya leo yeye ndiye msimamizi wa askari wote wanne.

"Baba, siwezi kuliacha gari."

"Nani kakwambia uliache? Soma ukurasa wa nne."

Lindsay hawezi tena kusoma. Mpango ule alisomewa na Raelene mwenyewe, mezani kwake, usiku wa Jumanne, naye akakumbuka. Ukurasa wa nne unasema kwamba kituo kikishafungwa, askari wa Kituo cha Nne atamfuata mtu wa mwisho, taa zikiwaka, mpaka mwisho wa safari.

Wanakusanya koni pamoja. Lindsay anazipokea kwa kupapasa na kuzipanga moja juu ya nyingine. Marg anatangulia kwenda kuwaambia wanaopika supu mjini wasizime jiko.

Kisha wanaondoka. Mbele mzee na baiskeli yake, nyuma gari la polisi lenye taa za bluu, kilomita kumi na tano kwa saa, kati ya mashamba yanayong'aa. Kila kona Lindsay ananyoosha mkono kuonyesha anakogeukia, ingawa nyuma yake hakuna mtu mwingine isipokuwa binti yake. Mara moja magpai anashuka, na Raelene anapiga king'ora kifupi. Ndege anakimbia. Mabega ya mzee yanatikisika kwa kicheko.

Mjini watu walikuwa wamesubiri. Walipiga makofi. Lindsay alipewa supu, na akaitafuta meza kwa mkono kabla ya kukaa.

"Kwa saa moja na nusu nilimwona mgongo wake," Raelene anasema siku chache baadaye, jikoni kwa baba yake, chai ikipoa. "Nilikuwa nauona ukipanda na kushuka. Sijawahi kumtazama baba yangu kwa muda mrefu namna ile. Lakini nilitaka kuwa ubavuni. Nilitaka nisikie anavyohema."

Akiulizwa kama angeifuta ile sentensi ya ukurasa wa tatu endapo angeikumbuka mapema, anajibu kwa swali.

"Ningemtoa nani? Wa watoto wa shule?" Anazungusha kikombe. "Nimefikiri sana kama nilisahau, au kama mkono wangu ulijua. Sijui. Nadhani ningeiacha. Lakini ningeagana na baba vizuri zaidi asubuhi ile."

Lindsay, kwenye kiti chake karibu na dirisha, anaingilia.

"Mwambie mgeni habari za lile dude."

Dude lenyewe liko bandani. Ni baiskeli ya watu wawili, nyekundu, ya zamani, aliyoipata Raelene kwa muuzaji wa vitu vilivyotumika huko Horsham. Mnyororo ulikuwa na kutu. Lindsay ameufungua wote na kuusafisha kwa kugusa tu, kiungo kimoja kimoja, kazi ya jioni tatu. Mtu wa nyuma hahitaji macho. Daktari ameulizwa, naye amesema hana la kupinga.

"Tatizo ni moja," Lindsay anasema. "Kanikalisha nyuma. Mimi niliyemfundisha!"

"Mbele anakaa mwenye leseni, baba."

Fomu ya mwaka ujao imekwisha pelekwa. Raelene ameomba askari watano. Marg ameapa kuchoma soseji mpaka moshi uonekane kutoka baharini. Jibu litakuja mwezi wa Machi, na huenda likawa hapana. Ukurasa wa tatu umeandikwa upya, na mbele ya maneno "Kituo cha Nne" pameachwa mstari mtupu. Ni mara ya kwanza jina lake halipo hapo.

Hofu yake si fomu. Kufikia Oktoba ijayo baba atakuwa na miaka themanini, na kila wiki ukungu machoni mwake unapanuka.

Kwa hiyo Raelene anajiandaa. Kila Jumapili ambayo hayuko zamu huitoa baiskeli nyekundu na kwenda nayo peke yake, kiti cha nyuma kikiwa kitupu. Anayekaa mbele lazima amweleze wa nyuma kila kinachokuja, naye hakuzoea kuongea akiendesha. Anajifunza.

"Kona ya kulia, baba," anasema kwa sauti, kwenye barabara isiyo na mtu. "Kokoto. Sasa mteremko, acha kukanyaga. Kanola imeisha, hapa ni kunde."

Anapofika karibu na maghala ya nafaka anasimama, anashusha mguu, anatazama kushoto, anatazama kulia. Hakuna lori. Anapanda tena.

"Makutano, baba. Tunavuka."

Na anaanza kuhesabu, polepole, ili wasifike upande wa pili mapema.